Simu ya Theluji

Watu wa kwetu Lackawanna, mji wa Marekani kando ya Ziwa Erie, hawaogopi theluji. Wanaitukana, wanaichota kwa beleshi, wanaisukuma pembeni na kurudi ndani kunywa kahawa. Mama yangu, Florence, alikuwa hivyo hivyo. Alichoogopa yeye ni simu.

Baba yangu, Chester, aliendesha lori la mji la kusukuma theluji tangu kabla sijazaliwa mpaka alipostaafu. Ziwa likianza kututupia theluji, simu ya ukutani jikoni inalia, kazini wanamtaka, mama anapokea, anasema, "Yupo, subiri," na baba tayari anatafuta mabuti yake. Aliondoka katikati ya chakula cha Krismasi. Aliondoka siku ya komunyo yangu ya kwanza, shati lake jeupe likiwa bado na joto la pasi. Mama alimfungia mkate na soseji, akamshushia kofia mpaka masikioni, kisha akafunika sahani yake na kuiweka kwenye oveni. Jiko letu siku hizo lilinukia kabichi na glavu za sufu zilizolowa, zimeanikwa juu ya kipasha joto. Mpaka leo nikisikia harufu ya sufu mbichi, roho yangu inarudi pale. Niliyapenda maisha yale, sifichi, ingawa gharama yake aliibeba mama.

Maana mama alitaka bahari. Ziwa tulikuwa nalo na tumelichoka. Yeye alitaka bahari yenye maji vuguvugu na minazi. Mara ya kwanza walipanga kwenda Florida nikiwa mdogo, simu ikalia. Mara ya pili ikalia. Mara ya tatu masanduku yalikuwa yameshapakiwa garini, na mama amevaa miwani ya jua juu na koti la baridi chini. Simu ikalia. "Yupo, subiri," akasema, akavua miwani. Vazi lake jekundu la kuogelea alilivalia kwenye bwawa la shule, pamoja na watoto wa watu.

Baba alipostaafu tukasema sasa basi. Tukapanga wiki nzima Jamhuri ya Dominika, mwezi wa pili: wao wawili, mimi, mume wangu Keith, na binti yetu Paige wa miaka minane. Siku chache kabla ya safari, mtabiri wa hali ya hewa akatokea kwenye televisheni amekunja mikono ya shati. Kwetu mtabiri akikunja mikono ya shati, ni dalili ya theluji kubwa, na watu wanakimbilia dukani kununua mkate na maziwa.

Mama akageuka polisi. Jioni hiyo alimkuta Paige amevaa pajama ndani nje, kama wafanyavyo watoto wote wa kwetu, wakiamini kwamba hivyo theluji itakuja ifunge shule.

"Vua! Vua hiyo haraka!"

"Bibi, kesho tuna mtihani wa hesabu."

"Basi ukafeli ukiwa umevaa vizuri. Geuza!"

Theluji ya ziwani huanguka kwa mkanda. Mtaa huu unazikwa, mtaa wa pili watu wanaanika nguo. Na kila mtu anajua mkanda hupenda kutua kwetu kusini, wakati huko kaskazini, karibu na uwanja wa ndege, watu wanasikia tu habari. Kwa hiyo mama akaamua tuhamie kwa shangazi Bernice, dada yake baba, aliyekaa huko kaskazini, ili siku ya safari tuwe upande wenye jua.

"Florence, theluji haijui anwani yako," baba akamcheka.

"Inaijua sana. Imenipigia simu miaka yote."

Tukahama na masanduku yetu. Kulipokucha upepo ulikuwa umegeuka, na mkanda wote umetua juu ya paa la shangazi. Gari letu halikuonekana, ila kioo kimoja cha pembeni. Jirani yetu wa Lackawanna akapiga simu kutuarifu kwamba kwao kuna jua, anafagia baraza akiwa amevaa shati tu. Keith akaanza kucheka, nikamkanyaga mguu.

"Wifi, mgeni gani huyu umetuletea?" shangazi akauliza.

"Nyamaza, Bernice, nisije nikakuzika humo humo."

Siku ile mama hakubanduka dirishani. Baba alisimama kando yake, naye alikuwa na furaha yake mwenyewe. Kila lori la theluji likipita, alikuwa na la kusema. "Huyu anakimbia mno. Atang'oa masanduku ya barua ya watu kando ya barabara." Aligusa kioo kwa vidole kana kwamba ni usukani. Niliudhika naye, nikaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

Asubuhi ya safari upepo ukarudi ulikotoka. Mkanda ukashuka kusini, kwetu, uwanja wa ndege ukabaki wazi. Tulichimbua gari, tukapanga masanduku mlangoni. Baba alikuwa ameingiza mkono mmoja kwenye koti simu yake ya mkononi ilipolia mezani. Mama ndiye aliyekuwa karibu, akaipokea.

Alikuwa Dale, bosi wa zamani wa baba, mtu mwenye sauti ya kusikika chumba cha pili.

"Flo! Huku tumezikwa. Madereva wangu wawili wanaumwa. Mzee yupo? Siku mbili tu, halafu atawafuata huko huko."

Uso wa baba uliwaka kama wa mtoto aliyeitwa na wenzake kucheza. Nilitamani kumrushia kikombe. Mama aliuona uso ule, akautazama vizuri.

"Hayupo, Dale," akasema. "Ameshaondoka."

"Ameondoka? Saa hizi?"

"Ameondoka na mke wake."

Akakata simu, akaitia kwenye mkoba wake na kuufunga. Mama yangu alikuwa mtu wa kurudi dukani kwa sababu wamemzidishia yai moja. Shangazi Bernice alishika meza.

"Florence," baba akasema taratibu, "umemdanganya mtu mchana kweupe."

"Nimemdanganya. Nitaungama kwa padri nikirudi, ngozi ikiwa imeungua na jua. Beba sanduku."

Baba akabeba sanduku.

Ndege ilikaa muda mrefu ikimwagiwa mabawa dawa ya kuyeyusha barafu. Baba alikaa dirishani, mama katikati, mimi kando yao. Nje malori yalikuwa yanasafisha njia ya ndege, nami nikasubiri baba aanze kuyakosoa. Hakukosoa.

"Flo," akasema, "mbona hukusema vile zamani?"

"Kusema nini?"

"Kwamba sipo."

"Lakini ulikuwepo."

"Ungesema tu. Ile siku ya miwani. Ningebaki."

Mama akamgeukia mzima mzima. "Ungebaki?"

"Ningebaki. Nilikuwa nakungoja wewe. Sasa umeshasema 'yupo,' mkate umeshafungwa, kofia umeshanivisha, mimi ningesema nini? Nilijua unataka niende."

"Mimi nilijua wewe ndiye unayetaka."

"Nilitaka," baba akasema. "Lakini ningebaki."

Sijui kama ni kweli. Baba ameshafariki, siwezi kumuuliza, na uso wake ulivyowaka asubuhi ile nauona mpaka leo. Mama aliamini. Alijifunika uso kwa mikono yote miwili akalia kwa sauti, ndege nzima ikisikia, mpaka Paige akasimama kwenye kiti cha mbele kutazama.

Mhudumu akaja na kikombe cha maji, akaniuliza kama mama anaogopa kuruka.

"Haogopi," baba akajibu. Akakipokea kikombe, akamshikia mama mdomoni, na hakukiachia mpaka tulipokuwa juu ya mawingu.