Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mimi niliishia darasa la nne, lakini mjukuu wangu wa kike anasomea hesabu chuo kikuu, na jambo hilo nikilisema kanisani huwa nalisema kwa sauti. Ndiyo maana kaka yangu, mwalimu mstaafu wa Sekei, alipanda hadi kwangu mlimani kumletea daftari lake. Alilianza akiwa kijana. Anadai amethibitisha kitu kilichowashinda wataalamu wa dunia nzima: kwamba kila namba shufwa, kuanzia nne, ni jumla ya namba tasa mbili.

"Nisomee kabla sijafa," alimwambia. "Wengine wananicheka tu."

Binti alilisoma siku tatu, mimi nikichambua kahawa pembeni yake. Kila ukurasa uliokuwa sawa aliuwekea tiki kwa penseli. Siku ya tatu penseli ikasimama.

"Bibi, hapa amekosea. Anasema namba tasa ni nyingi, kwa hiyo lazima mbili zikutane."

"Kwani uongo?"

"Jumamosi sokoni Tengeru wanawake hawakuwa wengi? Ulimtafuta shoga yako, ukamkuta?"

"Sikumkuta." Nilielewa, na nikachukia kwamba nimeelewa. "Basi mwambie yuko sawa. Mzee wa miaka themanini, utapungukiwa nini?"

"Wewe ungeacha punje mbovu kwenye ungo eti kwa sababu mwenye kahawa ni mzee?"

Mtoto huyu ana mdomo. Nimemlea mwenyewe.

Tukashuka Sekei na mkungu wa ndizi, maana kwa kaka mkubwa huendi mikono mitupu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Sema, usinizungushe."

Akamwambia. Mimi nilitazama sakafu.

"Ukurasa gani?" kaka akauliza.

"Wa arobaini na moja."

Akafungua daftari polepole, akizigusa zile tiki moja moja, zote arobaini.

"Hakuna aliyewahi kuvuka ukurasa wa pili," alisema.

Kisha akachomoa kalamu nyekundu mfukoni mwa shati. Amestaafu miaka mingi, bado anatembea nayo. Akajiwekea alama ya kosa mwenyewe, kubwa, na pembeni akaandika kama alivyowaandikia wanafunzi wake: Rudia.

"Kaka, una miaka themanini!"

"Ndiyo maana sina muda wa kupiga soga na wewe. Binti, vuta kiti."

Ndizi nikazipeleka jikoni mwenyewe.