Ziwa Nililolisingizia

Cheka ukitaka. Mimi bado sijaweza, na simu yangu ya kazi haiiti tena.

Hapa Rumonge, tangu ziwa lipande, sisi mafundi tunalilaumu kwa kila ufa. Mama Zawadi alinionyesha ukuta wa sebule yake, lipu imevimba, akauliza: "Fundi, tubomoe yote ao tutie kiraka?"

Nikaugonga kwa kidole kimoja, kama daktari. "Iko unyevu wa ziwa tu, mama. Kiraka kinatosha."

"Lakini zamani hapa palikuwa..."

"Mama, nani fundi hapa?"

Nikatia kiraka cha saruji, akanilipa. Siku ya mahari ya binti yake nilialikwa, nikakaa chini ya kazi yangu nikijisifu kwa wakwe. Nilipoegemea ukuta kwa maringo, kiraka chote kikaniporomokea mabegani. Matofali yakabaki wazi, mekundu, yanang'aa.

Mama Zawadi akapitisha kidole, akanusa, akaninyooshea mbele ya wakwe wote.

"Ziwa lako linanuka mawese, fundi. Mupangaji wangu aliweka mapipa hapa miaka mingi, na saruji haishiki kwenye mafuta. Wewe mwenyewe ulikuwa unakuja kununua, ukiegemea ukuta huu huu."