Ngumi za Mtu Aliyelala

Siku yangu ya kwanza kazini hospitalini, msimamizi wa chumba cha kupigia picha za ubongo alinivua mshipi kabla hajaniuliza jina.

"Mzee, hiyo mashine ni sumaku," alisema. "Ikivuta hicho chuma, utakifuata."

Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, nimetoka Sugoi nilikokuwa karani wa maziwa, na cheti changu cha kidato cha nne. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hakuna mgonjwa anayeingia na chuma: funguo, pini za nywele, saa. Baadaye nikaongezewa fomu.

Fomu ilikuwa ya daktari wa neva, aliyefuatilia watu wenye shida ya usingizi. Alitueleza kwamba mtu akiota, mwili wake hufungwa ili asitende anachoota. Kwa wengine kifungo hicho hulegea, wakapiga ngumi na kuruka kitandani. Baadhi yao, baada ya miaka mingi, hushikwa na ugonjwa wa kutetemeka au wa kusahau. Picha za ubongo, zikirudiwa mara kwa mara, zingeweza kuonyesha dalili mapema.

"Si wote," alisisitiza. "Lakini usimuulize mgonjwa peke yake. Yeye amelala, hajui. Muulize anayelala naye."

Nilipuuza hilo siku Mzee Barasa, seremala wa mtaa wa Langas, alipokuja na mkewe, Mama Nekesa. Jicho la mama lilikuwa limevimba.

"Ananipiga akiwa amelala," alisema.

Nilicheka. "Mama, hiyo ni pombe."

"Mimi ni mzee wa kanisa, sinywi," Barasa alisema. "Niliota nafukuza mbwa."

"Na huyo mbwa alikuwa amefunga kitambaa kama cha mama?"

Benchi lote likaangua kicheko. Nikawaambia wapeleke mambo ya nyumba kwa mchungaji, nikaandika kwenye fomu: ugomvi wa nyumbani. Daktari hakuwaona kamwe. Barasa alirudisha mshipi wake kiunoni polepole.

Aliporudi, miaka mingi ilikuwa imepita, nami nilikaribia kustaafu. Mkono wake wa kulia ulitetemeka hata nikamfungulia mshipi mimi. Vidole viwili havikuwepo.

"Ni msumeno wa mashine," alisema. "Mkono ulianza kunikataa, nikadhani ni uzee. Ningejua, ningeacha mashine mapema."

Nilienda kwa daktari nikakiri. Hakunifokea. "Picha haingezuia ugonjwa," alisema. "Lakini tungemwangalia, na angejua cha kuogopa."

Sasa nimestaafu, naishi Munyaka. Ninyi mnaojaza fomu leo, mashine zenu ni bora kuliko yetu, ila hakuna mashine itakayopiga picha ya neno ambalo karani alikataa kuliandika.

Mwezi uliopita nilienda Langas kuomba msamaha. Mama Nekesa alitupa chai kwanza, mimi na mumewe.

"Kicheko cha benchi kilifika kanisani," alisema. "Wakamvua uzee wa kanisa. Miaka hiyo yote alikuwa akilala kwa karakana, juu ya maranda ya mbao, akiogopa kunipiga. Aliamini kweli yeye ni mtu mbaya."

Niliweka kikombe chini. Nikauliza, "Na sasa analala wapi?"

"Kitandani kwake. Daktari alisema tuweke mito katikati."

Barasa, kikombe kikimtetemeka mkononi, alinitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Mbwa bado wanakuja, ndugu yangu," alisema. "Lakini sasa mama anajua si yeye ninayemfukuza."