Midi ya Kinshasa

Ahimidiwe Mungu, aliyetandaza anga na kunijalia kuzeeka chini yake.

Siku yangu ya kwanza kazini, katika uwanja wa ndege wa Kolwezi, mkuu wa kituo alinipeleka kwanza penye ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo. Ulikuwa umejaa. "Kijana, Kinshasa haisogei," aliniambia. "Ni zaidi ya kilometa elfu moja, leo na kesho. Lakini upepo ukipiga ndege usoni, safari ya saa mbili inarefuka." Kisha akanionyesha foni, redio ya kuongea na vituo vya mbali, ambayo ingekuwa kazi yangu.

Asubuhi hiyo iliondoka ndege ya Kinshasa iliyombeba binti mmoja mgonjwa, aliyekuwa anaenda kupasuliwa na daktari wa huko. Mama yake alimsindikiza, akarudi nyumbani. Mchana tulimwona anakuja mbio, kitenge kimelegea, ufagio bado mkononi.

"Tata, nimefagia!" alimlilia mkuu, kama amwitaye baba yake. "Balisema atafika midi, saa sita ya muchana. Midi ikapita, nikafagia. Sasa mu radio banasema kule Kinshasa midi bado!"

Kwetu, msafiri akiondoka, nyumba haifagiwi mpaka afike, asije akafagiwa pamoja na nyayo zake. Mama alikuwa amesahau kwamba saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu kwa saa nzima. Alipofagia, binti yake alikuwa bado hewani.

Mimi nilikuwa nimetoka shule ya misheni. Nikafungua kinywa nimwambie hayo ni mambo ya kizamani. Mkuu akanishika mkono.

"Usimuhubirie mama mwenye mutoto hewani," akaninong'oneza. Akampa kiti chake. "Ikala, mama. Tuombe. Lakini ile fagio uiweke inje. Ofisi yetu haiyafagiwa tangu juzi, tutapata haya."

Mama akacheka kidogo, machozi yakiendelea kushuka.

Saa ile ya kungoja ikaisha, na upepo ukaongeza yake. Niliita Kinshasa, nikaita tena. Foni ilikoroma tu. Mwishowe sauti ikaja: ndege imetua, abiria wote wanashuka. Mama akapiga magoti. Mkuu naye akapiga magoti kando yake, palepale kwenye vumbi la ofisi.

Binti alipona. Mimi baadaye nilihamishiwa kituo cha Sandoa, nikatumikia wakuu wengine, wakali na wapole, lakini kila aliyesindikiza msafiri nilimwambia, "Ungoje habari, usingoje saa."

Sasa nimestaafu, na simu zimenyamazisha foni. Juzi kitinda mimba wetu alipanda ndege kwenda Kinshasa. Mke wangu akasimama mlangoni na ufagio.

"Tata, amefika?"

"Hayafika bado, mama."

Akauegemeza ukutani, akaketi karibu nami, tukaomba. Simu ilipolia na habari kwamba amefika, niliwahi kuushika ufagio ule, nikafagia mimi mwenyewe, chumba kwa chumba, nikimshukuru Mungu.

Wewe unayesoma, Bwana akufikishe salama uendako, na akuwekee nyumbani mtu asiyefagia mpaka ufike.