Kikapu Kwanza

Bado nina hasira, na asije mtu kuniambia nimwachie Mungu.

Kanisa letu hapa karibu na Sotik halikuanzia kwenye hili jengo la mawe lenye vioo vya rangi. Lilianzia jikoni kwa marehemu mama yangu, kwenye moshi, vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando, vikining'inia juu ya vichwa vyetu. Mhubiri alikuwa msichana aliyekuja kwa miguu kutoka upande wa Fort Ternan, Biblia ameifunga ndani ya leso. Wanaume walimwita mwanamke asiye na kwao. Mama alimpa kitanda changu, mimi nikalala chini.

Alikuwa na sheria moja. Aliona kwamba mwenye nyumba akikaa kusikiliza neno, chai yake inakomaa shambani na mumewe anapata sababu ya kumfokea. Kwa hiyo kila aliyekuja ibadani alibeba kikapu. Tulichuma chai ya mwenye nyumba mpaka ikaisha, ndipo tukaomba. "Kikapu kwanza," alikuwa akisema, na waume wakakosa la kulalamikia. Hivyo ndivyo ibada ilivyohama nyumba hadi nyumba, mpaka ikafika Sigowet.

Jumamosi iliyopita tulisherehekea kuanzishwa kwa kanisa. Wanaume walioingia baadaye, mabati yakiwa tayari juu, waliitwa mbele mmoja mmoja na kupigiwa makofi. Yule msichana mhubiri, ambaye sasa ni mzee na sote tunamwita Kogo, yaani nyanya, aliwekwa kiti cha plastiki karibu na wapishi. Alikuwa amejiandaa kuhubiri. Asubuhi nilimkuta akirudia maandiko huku anavaa viatu.

Pastor, ambaye mama yake alikuwa akimbeba mgongoni akichuma nasi, akashika maikrofoni. "Kogo atatusalimia tu, kutoka hapo chini. Madhabahu iko na utaratibu yake."

Utaratibu!

"Salamu nilishapeana kwa mlango, mtoto wangu," Kogo akajibu, akajifunga leso, akatoka.

Nikamfuata. Wapishi wakaepua sufuria, nao wakafuata. Shamba letu la chai liko nyuma ya kanisa, na kiwanja chenyewe mama ndiye aliyekitoa humo. Nilileta vikapu kutoka nyumbani, naye Kogo akaingia kwenye mstari wa kwanza akaanza kuchuma. Sisi pia. Akahubiri huku akichuma, sauti ile ile ya jikoni, na sikuona haya kulia.

Hatukuwa tumefika mbali pastor alipokuja na suti yake, wazee wawili wenye njaa nyuma yake.

"Kogo, wageni wanangoja. Wacha niongee na hawa kina mama kidogo."

Kogo akavua kikapu chake mgongoni, akamwaga majani yote kwenye kikapu cha mwenzake, akampa pastor kikapu kitupu.

"Kikapu kwanza."

Akakipokea kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe. Mzee mmoja akauliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi. Tulikuwa tunamngoja pastor, na alikuwa hajachuma hata jani moja.