Ngumi Yangu Ndani ya Plasta

Msicheke kabla sijamaliza, maana miaka mingi imepita ndipo nikaweza kusimulia haya bila kutafuta pa kuficha uso. Nilikuwa darasa la kumi, shule ya bweni hapa Njombe, enzi za Mwingereza, na siku yenyewe ilikuwa siku ya wazazi. Baba alikuwa anakuja kwa miguu kutoka Kifanya (wazazi wa Makambako walipanda lori) kuamua kama nibaki shuleni au nirudi nyumbani kubandua magome ya miti ya miwati, yale yanayouzwa kiwandani. Barua yake ilisema mikono haitoshi. Mimi roho yangu yote ilikuwa kwenye kubaki.

Mwalimu wetu wa sanaa, kijana wa Kikinga aliyesomea Uganda, alitaka wazazi watukute tukitengeneza sanamu za plasta, ile ya kufungia waliovunjika mifupa, na sanamu zenyewe zisifanane na kitu chochote, si mtu, si ng'ombe. Unachimba shimo kwenye kasha la mchanga mbichi, unamwaga plasta, kisha unazamisha ngumi katikati ili pabaki tundu. Kila mmoja akapewa mafuta kidogo kwenye kifuniko.

"Paka mkono mzima," akasema, "na ngumi itoke kabla plasta haijaganda."

Sasa ulikuwa mwezi wa sita, baridi yetu mnaijua, miguu yangu imepauka kama nimekanyaga majivu, na baba yuko njiani. Mafuta yote nikayapaka miguuni (na kidogo usoni, siwafichi). Ngumi ikaingia kavu.

Kumbe plasta ikianza kuganda inapata joto! Vidole vilivyokufa ganzi tangu alfajiri vikafufuka, nikasema ngoja nipate dakika moja zaidi, na nyingine, mpaka joto likawa moto, nikavuta, ngumi haikutoka, nikavuta tena, likatoka jiwe zima na mkono wangu ndani, na wazazi ndio hao wanaingia pamoja na mchungaji.

Nikaliegemeza mezani kwenye mstari wa sanamu za wenzangu, nikasimama wima kama mlinzi wake, mkono umefichika nyuma yake. Baba akaja moja kwa moja, kavaa koti la kanisani, akanyoosha mkono kunisalimu kwa Kibena.

"Kamwene, mwanangu."

Nikampa wa kushoto. Wa kushoto, kwa baba mzazi, mbele ya mchungaji na akina mama wote!

"Wa kulia uko wapi?"

Mchungaji, kwa nia njema ya kubadili mazungumzo, akasema, "Lakini hii sanamu ni nzuri kuliko zote," akaibeba aitazame vizuri, nami nikaifuata juu ya meza, na sanamu sita za wenzangu zikaenda chini.

Hakuna aliyecheka. Baba akapiga magoti, akaomba nyundo, akagonga polepole karibu robo saa, na mimi nililia. Mkono ulipotoka, umebabuka, akaugeuza huku na huku, akamwambia mwalimu kwa sauti iliyofika hadi uani:

"Mwacheni abaki. Huyu nikimpa shoka, atarudi nyumbani na mkono gani?"

Hapo ndipo walipocheka, hata wale niliowavunjia sanamu. Nilipata nilichokitaka, ila kwa sababu ambayo ningeomba isitajwe mbele za watu. Na tangu siku hiyo sitii mkono popote kabla sijajua utatokaje.