Taa Zilizowaka Kupita Kiasi

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya soko hapa Dilala, mjini Kolwezi, gari langu lilipokuwa likinuka kama mayai yaliyooza na mimi nikijisifu.

Nilikuwa msichana bado, na pikapu kuukuu niliyoachiwa na marehemu kaka yangu. Kila alfajiri nilibeba mama watano na magunia yao ya unga, nikawapeleka mgodini Mutoshi kuwauzia wachimbaji. Kazi hiyo ndiyo iliyonilisha. Taa zangu ziliwaka kushinda za magari yote, na nikikanyaga mafuta zilizidi kung'aa. Watu walinisifu, nami nilipokea, maana sifa hazitozwi ushuru.

Shida ilikuwa betri. Hazikudumu. Maji yalikauka, ubavu ukavimba, gari likatugomea njiani. Lakini kwangu betri ilikuwa kitu cha kupatana bei tu. Nilimwambia muuzaji kwamba bidhaa yake imechakaa, nikageuza mgongo kama ninayeondoka, akaniita, nikageuka tena, akaniita tena. Kila mara nilirudi nyumbani nikicheka. Nadhani naye alicheka, ila mimi nilikuwa nimeshafika mbali.

Basi asubuhi ile betri ya tatu ikaanza kuchemka kabla hata hatujatoka sokoni. Mama Véro, mkubwa wa wale mama watano, alikuwa amekwisha kukaa juu ya magunia yake.

"Ngalula, leo tutafika Mutoshi ao tutazeekea hapa?"

"Ni batri tu, mama. Nitanunua ingine."

"Ingine! Weye unanunua batri ao unazika batri?" Wenzake wakacheka. Kisha akasema polepole, bila ubaya: "Tukikwama leo, kesho tutapanda ya mwingine. Hatuna hasira. Tuko na batoto."

Hapo kicheko kikaniishia. Nikamwita Tata Kalenga, fundi umeme wa magari aliyefanya kazi kando ya ukuta wa soko. Nilimwita shingo upande, kwa kuwa fundi naye ni bei. Na ili asinione mjinga, nikataka kupima mwenyewe kwa desturi yetu ya hapa: unaacha injini ikiwaka, unafungua waya wa betri, na injini isipozimika, unatangaza kwamba alternateri ni nzima, yaani kile chombo kinachozungushwa na mkanda ili kuijaza betri. Madereva wote walifanya hivyo, kifua mbele. Spana ilikuwa imeshagusa waya Tata Kalenga aliponipiga mkono kwa kitambaa chake cha grisi.

"Acha! Hiyo njo inauaka motokari! Batri njo inakunywaka ile kuran ya umeme. Ukiitoa, kuran yote itaenda wapi? Itaunguza hata kile kilikuwa kizima."

"Lakini tata, alternateri ina nguvu! Angalia taa."

"Njo ugonjwa wenyewe, mama. Nani alikuambia kama homa ni nguvu?"

Akaleta kipimo chake cha volti, akagusisha nyaya zake mbili kwenye ncha mbili za betri, akataka nisome mwenyewe. Injini imezimwa: kumi na mbili na kidogo. Injini ikiunguruma polepole: kumi na nne. Akamwomba Mama Véro ashuke kwenye magunia, akae kwenye usukani akanyage mafuta, naye akakanyaga kama anayemponda nyoka. Namba ikapanda, ikapita kumi na tano, ikapita kumi na sita. Nikaisoma mara mbili, maana sikupenda nilichokiona.

"Ilipashwa kusimama ku kumi na ine na kidogo," akasema. "Hii haijue kusimama."

Hakukimbilia kubadilisha kitu. Alizima injini, akasugua kutu ya kijani kwenye waya wa bodi, ule unaoiunganisha betri na mwili wa gari, na kwenye ule waya mwembamba unaoipa alternateri habari za betri. Tukapima upya. Bado ilipanda. Ndipo akazima tena, akafungua waya wa betri, akashusha alternateri na kutoa ndani yake regulateri, kipande kidogo kinachotoshea kiganjani, ambacho kazi yake ni kuzuia umeme usizidi. Kilikuwa kimeungua. Kipya alikuwa nacho kwenye sanduku lake, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Tata, kadogo hivi, si unipunguzie..."

Akanitazama. "Ngalula, uko na mudomo mukali wa bei. Lakini unapatanaka bei mbele ya kujua kama kile kitu njo kinakosekana. Ule wa batri hakukuibia. Weye njo ulimufuata."

Mama wale wakaitikia kwa vichwa. Mama wa soko wakikubaliana na fundi, jua umesemwa ukasemeka.

Nikalipa alichotaja. Akafunga kila kitu, akaongeza maji safi ya betri, si asidi, na Mama Véro akakanyaga tena. Namba ikasimama kumi na nne na kidogo, ikakataa kusogea. Taa zikawa za kawaida, kama za kila mtu. Sikufichi, niliona uchungu kidogo. Tulifika Mutoshi jua limepanda, unga ukaisha, na gari likawaka kwa ufunguo wa kwanza tulipotaka kurudi. Kesho yake walipanda wote watano.

Mwanangu, betri ikichemka, ikinuka, balbu zikiungua ovyo, usikimbilie dukani. Pima injini ikiwa imezimwa, pima ikiunguruma, pima ukikanyaga mafuta. Ikipita kumi na tano, anza na nyaya, umalize na regulateri. Na waya wa betri usiuguse gari likiwaka, hata Kolwezi nzima ikikucheka. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako: mimi nililiwa na kitu nilichokuwa nikikisifu. Sisi binadamu kinachopungua tunakiona upesi. Kinachozidi tunakipigia makofi. Nawe una ulimi wangu wa bei, nimekusikia sokoni. Ni mali, utunze, lakini uutangulizie swali, kwani kuuliza si ujinga.

Mungu akulinde barabarani, mwanangu. Akupe mtu wa kukukemea mchana kweupe, watu wakisikia, na akupe moyo wa kumshukuru jioni.